Sema Kabla Chupa Haijatundikwa: Mzio wa Damu na Kazi ya Anayeuguza

Ukikaa Mukendo, hapa Musoma mjini, wiki haziendi nyingi kabla hujasikia mtu anatafutiwa damu. Mama amejifungua, damu imegoma kukata. Kijana wa bodaboda amegongwa kwenye barabara ya kwenda Bunda. Mtoto ameletwa kutoka kijiji cha ndani huko Butiama, malaria imemmaliza damu hadi viganja vimepauka. Simu zinapigwa, ndugu wanakusanyika, wenye afya wanatoa mkono, na mwishowe chupa inapatikana. Ikishatundikwa kando ya kitanda, wote hushusha pumzi. Wenye safari huaga. Anayebaki hutafuta mahali pa kuegemeza kichwa.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya huyo anayebaki. Saa ile tunaposhusha pumzi ndiyo saa inayotaka macho kuliko zote.

Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza binti wa dada yangu. Hospitali siitaji, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Damu ilianza kuingia jioni. Baada ya muda mfupi binti akaanza kujikuna shingo. Nikadhani ni mbu, nikamvutia shuka. Akajikuna mikono, nikamwambia atulie asije akachomoa sindano. Aliyeona mambo ni mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimuuguza mkwewe. Alinyanyuka, akamtazama binti usoni, akasema, "Midomo inavimba hii," akaenda mbio kumwita muuguzi. Damu ilifungwa, sindano zikachomwa, na kufika asubuhi binti alikuwa salama. Dada yangu alipofika na uji, nikamsimulia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mbona hata alipowekewa akiwa mdogo alijikuna hivyo hivyo?"

Maneno hayo sikuyasahau. Maabara ilikuwa imetimiza wajibu wake wote: kundi limepimwa, damu mbili zimeoanishwa, magonjwa yameangaliwa. Lakini kipo kitu ambacho mashine haiwezi kukipima, nacho ni yale yaliyompata mgonjwa siku za nyuma. Hayo yamo vichwani mwetu sisi ndugu, na kama hatusemi, hakuna atakayejua.

Mzio wa damu ni nini

Mwili una askari wake, na kazi yao ni kumkabili mgeni mbaya. Kwa baadhi ya watu askari hao ni wepesi wa hasira. Wakikutana na kitu kisichowadhuru wengine, kama karanga, vumbi au penisilini, hukipiga vita. Chembe fulani zilizo chini ya ngozi na kwenye njia za hewa hufungua vifuko vyake na kumwaga kemikali iitwayo histamini. Ngozi inawasha, vipele vinainuka, midomo na kope zinavimba. Vita ikiwa kubwa, njia za hewa hubana, mishipa ya damu hulegea, na presha huporomoka.

Damu ya mtu mwingine huja na wageni wengi. Wengi wao hawamo katika zile chembe nyekundu tunazozihitaji, bali katika plazma, yaani yale maji ya manjano yanayobeba chembe hizo. Humo mna protini za mchangia damu ambazo mwili wa mgonjwa unaweza kuzikataa. Ndiyo maana mzio unaweza kutokea hata kama makundi yanalingana kabisa.

Tusitishane. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mzio mwepesi wa vipele na kuwashwa hutokea kama mara 1 hadi 3 katika kila chupa 100. Ule mkali unaotishia uhai ni nadra: kama mara 1 katika chupa 20,000 hadi 50,000. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua yumo katika hatari kubwa zaidi akikosa damu kuliko akiipata. Asisome mtu makala haya akaenda kukataa damu. Ninachoomba ni kwamba tuipokee tukiwa macho.

Nani yumo katika hatari zaidi

Wa kwanza ni yule ambaye imeshamtokea. Aliyewahi kuwashwa, kuvimba au kubanwa kifua akiwekewa damu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa tena kuliko mtu ambaye haijawahi kumtokea. Taarifa hii ina thamani kuliko nyingine zote, nayo ndiyo inayosahaulika kirahisi, kwa sababu mara nyingi tukio la kwanza lilikuwa dogo na likapita.

Wa pili ni anayewekewa damu mara kwa mara. Kila chupa ni mkutano na mgeni mpya, na kadiri mikutano inavyoongezeka ndivyo nafasi ya mwili kumchukia mmoja wao inavyokua. Hapa nawakumbuka kwanza watoto wenye seli mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunaujua kwa karibu. Kuna pia wagonjwa wa figo na wa saratani ya damu. Maradhi haya ya mwisho hayana ugeni masikioni mwetu: saratani ya damu ndiyo iliyomwondoa Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa kwao Butiama. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuhitaji damu, na hasa chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja.

Jambo la tatu ni aina ya damu inayowekwa. Chupa moja iliyotolewa na mchangiaji inaweza kutenganishwa kuwa chembe nyekundu, plazma na chembe sahani. Kwa kuwa protini za mzio zimo kwenye plazma, chembe sahani na plazma ndizo zinazoongoza kwa kuleta mzio. Chembe nyekundu zilizotenganishwa huleta kidogo, kwani plazma yake nyingi imeshaondolewa. Damu nzima, ambayo hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado huitumia, huja na plazma yake yote. Ukimuuliza daktari, "Anawekewa nini leo?" hujamvunjia heshima. Umeuliza swali la maana.

Wa nne ni mwenye mizio mingine: pumu, ukurutu, mafua ya vumbi na maua, au anayevimba akila mayai, karanga, dagaa au samaki. Askari wake wameshaonesha kwamba ni wepesi wa hasira. Haina maana kwamba atapata mzio wa damu kwa lazima. Ina maana kwamba anastahili kuangaliwa kwa jicho la karibu.

Wa tano ni watoto. Katika kumbukumbu za hospitali zinazohesabu matukio haya, mzio huonekana kwa watoto mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima ukilinganisha idadi ya chupa. Na mtoto mchanga hawezi kusema "nawashwa". Analia tu, nasi tunadhani ana njaa.

Wapo pia wachache sana ambao miili yao haitengenezi kabisa kingamwili aina ya IgA. Baadhi yao, wakiwekewa damu yenye IgA, hupata mzio mkali mara tu damu inapoanza kuingia. Mtu wa namna hii kwa kawaida hajijui hadi siku ya tukio. Ikigundulika, ni habari ya kubeba maisha yote, kwa sababu atahitaji damu iliyooshwa au ya mchangiaji mwenye upungufu kama wake.

Mwisho ni lile linalotoka upande wa mchangiaji. Mwaka 2011 madaktari wa Uholanzi waliripoti habari ya mvulana wa miaka 6 aliyekuwa na saratani ya damu. Aliwekewa chembe sahani, akapata mzio mkali. Mama yake ndiye aliyekumbuka kwamba alipokuwa mdogo mtoto huyo alidhuriwa na karanga. Walipofuatilia, wakakuta baadhi ya wachangiaji walikuwa wamekula karanga usiku uliotangulia siku ya kuchangia. Matukio ya namna hii ni nadra sana, na hayatufanyi tuwakataze wachangiaji kula karanga. Tukio hili nimelileta kwa sababu ya mama yule. Kilichofungua fumbo ni kumbukumbu ya mzazi kuhusu chakula kilichomdhuru mwanawe miaka iliyopita.

Tunayoyaamini ambayo hayakingi

Wengi tunaamini kwamba kundi likilingana, basi yote yamelingana. Kulinganisha makundi, elimu iliyoanzishwa na Karl Landsteiner mwanzoni mwa karne ya 20, kunazuia janga la chembe nyekundu kuvunjwavunjwa mwilini. Hakuzuii mzio. Vivyo hivyo kwa damu ya kundi O, ambayo husemwa kuwa ni ya kila mtu: chembe zake nyekundu zinaweza kuwafaa wengi, lakini plazma yake ina protini kama plazma nyingine.

Wengine hung'ang'ania damu ya ndugu wa tumbo moja kwa kudhani haiwezi kudhuru. Ndugu ni mtu tofauti na wewe, na plazma yake ina protini zake. Tena damu ya ndugu wa karibu ina hatari yake ya pekee, ingawa ni nadra: chembe nyeupe zake zinaweza kujipenyeza bila kutambuliwa kisha zikaushambulia mwili wa mgonjwa. Acha ndugu achangie katika akiba ya hospitali, na maabara ichague chupa inayofaa.

Ipo pia desturi ya kutaka kila mgonjwa achomwe sindano ya kuzuia mzio kabla ya damu. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa hazijaonesha kwamba kumpa kila mtu dawa hizo kunapunguza mzio kwa asiye na historia nao. Kwa aliyewahi kupata, daktari anaweza kuamua vingine. Uamuzi huo ni wake. Usimpe mgonjwa Piriton ya dukani kimyakimya kabla ya damu: inaweza kuficha kuwashwa ambako kungekuwa kengele ya kwanza.

Kabla ya damu kuanza

Muuguzi au daktari anapokuja, usingoje kuulizwa. Wodi ina wagonjwa wengi, na swali linaweza kupitwa. Sema kwa heshima na kwa ufupi: "Shikamoo daktari. Kabla hajawekewa, naomba mjue kwamba mwaka juzi aliwekewa damu akatoka vipele na kuvimba macho. Ana pumu. Penisilini humdhuru." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika. Kisha omba yaandikwe kwenye faili, maana zamu hubadilika na aliyesikia mchana siye atakayekuwepo usiku.

Taja na dawa anazotumia. Mwenye presha anayemeza enalaprili au kaptoprili anaweza kushuka presha ghafla akiwekewa damu, na pengine ikadhaniwa ni mzio. Anayemeza propranololi au atenololi, akipatwa na mzio mkali, huwa mgumu zaidi kutibika. Kama hujui majina, beba pakiti zenyewe.

Kuna kingine cha kutazama ambacho si cha mzio, lakini kinaua kuliko mzio. Kwetu mkoani Mara majina hufanana. Wodi moja inaweza kuwa na akina Marwa watatu na akina Bhoke wawili. Wauguzi wanaposoma jina na namba kwenye chupa, sikiliza. Mgonjwa mwenye fahamu aulizwe ajitaje mwenyewe, majina yote matatu, badala ya kuulizwa, "Wewe ndiye Marwa?" Ukiona jina, umri au kundi havilingani na vya mgonjwa wako, sema palepale. Damu ya kundi lisilolingana inaweza kuua kwa mililita chache tu.

Usiipashe damu moto. Nimeona watu wakiikumbatia chupa kwapani au wakitaka kuiweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa huruma, eti isimtie mgonjwa baridi. Damu iliyopashwa ovyo huharibika, au bakteria huzaliana ndani yake. Ikishatoka kwenye friji inatakiwa ianze kutumika ndani ya dakika 30, na iwe imekwisha ndani ya saa 4. Ukitumwa kuifuata maabara, usipitie kantini.

Dakika 15 za kwanza

Mzio mkali hauchelewi. Mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache, damu iliyoingia ikiwa kidogo tu. Ule mwepesi unaweza kuja wakati wowote hadi saa 4 baadaye. Kwa hiyo muuguzi hutakiwa kupima joto, mapigo, presha na upumuaji kabla ya kuanza, dakika 15 baada ya kuanza, kisha kila saa, na baada ya kumaliza. Damu huanza taratibu kwa sababu hiyo hiyo: yakitokea mabaya, yatokee mgonjwa akiwa amepokea kidogo.

Muuguzi mmoja wa usiku anaweza kuwa na wagonjwa wengi mno. Wewe una mmoja. Kaa naye dakika hizo bila kutoka, bila kulala, bila simu. Kama ni usiku na taa ni hafifu, mulika kwa tochi.

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu haujionyeshi. Tafuta vivimbe vilivyoinuka, kama vya kuumwa na siafu au kuguswa na upupu. Pitisha kiganja taratibu kifuani, mgongoni na ndani ya mikono, utavihisi kabla ya kuviona. Tazama kope na midomo: je, vimebadilika tangu ulipomwona mara ya mwisho? Sikiliza pumzi: je, kuna mluzi kama wa pumu? Sauti imekwaruza? Anakohoa ghafla? Anasema koo linabana, tumbo linasokota, kizunguzungu, au "najisikia vibaya tu" bila kueleza? Maneno hayo ya mwisho yapokee kwa uzito. Wagonjwa wengi huhisi hatari kabla haijaonekana.

Mzee aliyelelewa kwa Kizanaki, Kijita au Kikurya atasema anavyojisikia kwa lugha yake. Mtafsirie muuguzi kila neno, usifupishe. Mtoto mchanga msome kwa mwili: anajisugua kwenye shuka, analia kilio kipya, analegea, anakataa ziwa.

Dalili zikijitokeza

Ita. Usingoje uhakika, usiogope kuonekana msumbufu. "Sista, samahani, mgonjwa wangu ameanza kujikuna na midomo inavimba. Naomba uje umwone sasa hivi." Kama hakuna anayekuja na mgonjwa anabanwa pumzi, paza sauti. Mtu anayekosa hewa hasubiri adabu.

Usichomoe sindano mkononi. Njia ile itahitajika kwa dawa. Atakachofanya muuguzi kwanza ni kufunga damu na kuiacha njia wazi kwa maji ya chumvi, kisha kuhakiki jina na chupa. Kama ni vipele na kuwashwa tu, atampa dawa ya mzio. Vikitulia, huenda damu ile ile ikaendelea taratibu chini ya uangalizi. Usishangae, na usidhani ni uzembe: mzio mwepesi wa ngozi peke yake ndio unaoruhusu hivyo. Kama pumzi imebana, uso au koo limevimba, au presha imeshuka, chupa ile hairudi tena. Dawa ya kwanza hapo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, pamoja na oksijeni na maji ya mshipani.

Si kila linalotokea wakati wa damu ni mzio, na anayeuguza akijua tofauti atamsaidia muuguzi. Homa na kutetemeka bila vipele kunaweza kuwa mwitikio wa kawaida wa homa, lakini pia kunaweza kuwa dalili ya damu yenye bakteria au ya kundi lisilo sahihi. Maumivu ya kiuno, kuchomeka mkono unaoingia damu, au mkojo mweusi kama kokakola ni onyo kali la damu isiyolingana. Kukosa pumzi huku mishipa ya shingo imetuna, hasa kwa mzee, mwenye moyo dhaifu au mtoto mwenye utapiamlo, kunaweza kumaanisha kwamba damu imeingia nyingi au kwa kasi mno. Kwa yote hayo hatua yako ni ile ile: ita, damu ifungwe, aangaliwe.

Na chupa isitupwe. Inatakiwa irudi maabara pamoja na sampuli mpya ya mgonjwa ili chanzo kijulikane. Ukiona inaelekea kwenye ndoo ya taka, uliza kwa upole.

Ondoka na maandishi

Siku ya kuruhusiwa tunakuwa na haraka ya gari. Hapo ndipo historia hupotea. Mgonjwa wetu leo yuko zahanati, kesho Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, keshokutwa amepelekwa Bugando, Mwanza. Faili halisafiri naye. Anayesafiri naye ni wewe.

Omba daktari akuandikie, au uandike mwenyewe akikusomea: tarehe, kundi la damu, ilikuwa damu nzima, chembe nyekundu, plazma au chembe sahani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, zilikuwa zipi, na dawa gani ilimtuliza. Kwa mtoto, yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki. Piga picha kwa simu, umtumie na ndugu mwingine, maana simu huibwa na kadi hulowa.

Mwenye historia ya mzio mkali asikate tamaa kwamba hawezi tena kuwekewa damu. Zipo njia: kuchagua chembe nyekundu badala ya damu nzima, kuanza taratibu zaidi, dawa kabla kwa uamuzi wa daktari, na katika hospitali kubwa zenye uwezo, kuosha chembe ili plazma iondoke. Njia hizi hufunguka pale tu historia inapojulikana mapema.

Wenye seli mundu wana la ziada. Kuwekewa damu mara nyingi kunaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya chembe nyekundu zenyewe. Hapo matatizo huja kwa kuchelewa, kati ya siku 3 na 14 hivi baada ya damu: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi, homa inapanda, na damu inashuka upya. Ikitokea hivyo msikimbilie kusema "ni ugonjwa wake ule ule". Rudini hospitali, mtaje tarehe aliyowekewa damu.

Damu usiyowekewa haiwezi kukudhuru

Kinga iliyo bora ni kutohitaji damu pasipo lazima. Chandarua kila usiku, hasa hapa kando ya ziwa. Vidonge vya kuongeza damu kwa mjamzito, na kujifungulia mahali penye mkunga. Kwa mwenye seli mundu, dawa ya haidroksiurea: utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionesha kwamba watoto walioitumia walihitaji damu mara chache zaidi, na hata malaria na vifo vilipungua. Muulize daktari wa kliniki kama inamfaa mwanao.

Na daktari akisema mtoto wako anaweza kusubiri, msikilize. Mwaka huo huo wa 2019, utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 nchini Uganda na Malawi ulionesha kwamba wale ambao wingi wa damu (hemoglobini) ulikuwa kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita, bila dalili za hatari kama kuhema kwa shida au kupoteza fahamu, hawakufa zaidi kwa kuangaliwa na kupimwa tena kuliko kwa kuwekewa damu papo hapo. Kusubiri huko si kutelekezwa: mtoto hubaki hospitali, hupimwa, na akishuka chini ya 4 au akionesha dalili za hatari, huwekewa bila kuchelewa.

Lakini anayehitaji lazima aipate, na damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama umekuwepo tangu mwaka 2004, na kituo cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza. Kama una miaka kati ya 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Ukienda, jibu maswali ya fomu kwa ukweli, pamoja na lile la mizio na dawa unazotumia. Akiba ikiwa kubwa, maabara hupata nafasi ya kuchagua chupa inayomfaa mgonjwa, badala ya kuchukua iliyobaki peke yake kwenye friji.

Ndugu msomaji, nina ombi moja la kumaliza. Usiku huu, kabla hamjalala, chukua daftari, waite wa nyumbani, uulize: nani hapa aliwahi kuwekewa damu? Ilikuwa wapi, mwaka gani? Alijikuna? Alivimba? Nani hudhuriwa na dawa au chakula gani? Bibi aulizwe pia, maana yeye ndiye anayekumbuka ya utotoni mwenu. Andika majibu, uyaweke pamoja na kadi za bima na za kliniki. Siku simu itakapolia usiku kwamba mmoja wenu anahitaji damu, daftari hilo liwe kitu cha kwanza kuingia kwenye mkoba.